Barua ya wazi kwa wasimamizi wa misitu: Msimtenge mla nyama na windo lake

Kwa Waheshimiwa Wakurugenzi, Wajumbe wa Bodi na Wahifadhi Wakuu mliokabidhiwa dhamana ya misitu ya hifadhi,

YAH: MIPANGO YA USIMAMIZI INAYOMTENGA MLA NYAMA NA WINDO LAKE

Salamu na heshima zenu.

Ninawaandikia hadharani kwa sababu milango ya ndani nimeigonga bila kufunguliwa. Rasimu ya mpango wa usimamizi ilipotolewa kwa maoni, niliwasilisha hoja zangu kwa maandishi. Nikazieleza tena mbele ya kamati. Mpango ukapitishwa bila hoja hata moja kuguswa, nikaandika tena, na nilichopata ni barua ya kukiri kupokea. Sitaji ofisi wala mtu, maana tatizo si la mtu mmoja. Nimesoma mipango ya misitu mingi, na karibu yote imeandikwa kwa mtindo uleule: sura ya miti, sura ya maji, sura ya wageni, kisha kurasa chache za wanyama ambamo chui yumo katika jedwali la wasumbufu na paa yumo katika jedwali la rasilimali. Mezani kwenu hao ni wa mafaili mawili, tena mara nyingi ya idara mbili zisizosalimiana. Msituni ni jambo moja.

Kazi yangu ya miaka mingi imekuwa kufuata nyayo, kupima miche na kuchambua vinyesi ili kujua nani amemla nani. Ninachowaomba ni hiki: kila uamuzi unaomhusu mla nyama uamuliwe pia kama uamuzi unaohusu mawindo yake, na kila uamuzi unaohusu mawindo uamuliwe kama uamuzi wa mla nyama na wa miti yenyewe. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mnahesabu wala nyama bila kuhesabu chakula chao.

Kila nguvu ya jua inapopanda ngazi, kutoka jani hadi anayekula jani, kutoka huyo hadi anayemla, sehemu kubwa hupotea kwa joto, mwendo na pumzi. Kwa kadirio la kawaida hupita karibu asilimia 10 tu. Ndiyo maana wala nyama ni wachache hata katika msitu usioguswa na mtu. Mwaka 2002 watafiti walilinganisha aina nyingi za wala nyama, wadogo kwa wakubwa, wakakuta kwamba kilo 10,000 za mawindo hubeba takriban kilo 90 za aina moja ya mla nyama. Chukueni takwimu hiyo mwipeleke kwenye msitu wenu. Ukiondoa tani moja ya paa, funo na nguruwe kwa mitego ya waya, umeondoa pia kilo tisa za mla nyama, ingawa hakuna aliyempiga risasi.

Kwa chui milia wa India hesabu imefanyika kwa makini zaidi. Mmoja huhitaji kiasi cha wanyama 50 wa ukubwa wa kulungu kwa mwaka, na kwa kuwa huchukua karibu sehemu moja ya kumi ya waliopo, lazima pawe na mawindo kama 500 hai nyuma yake ili asiyamalize. Mnyama mmoja, mia tano nyuma yake. Sijawahi kuona mpango wenu hata mmoja unaosema idadi ya pili, ingawa ya kwanza huchapishwa kwa fahari kwenye jalada.

Matokeo yake tumeyaona kwingine. Linksi wa Hispania na Ureno ni paka mwitu aishiye katika vichaka na misitu mikavu, na karibu chakula chake chote ni sungura. Ugonjwa mmoja uliwapiga sungura hao katika miaka ya 1950, mwingine ukaja mwishoni mwa miaka ya 1980, na pamoja na mitego, ajali za magari na kupotea kwa makazi, linksi akaporomoka. Hesabu ya mwaka 2002 ilikuta wasiofika 100. Waliomwokoa walianza na tumbo lake. Walirudisha sungura, wakatengeneza vichaka vya kuwahifadhi, wakazungumza na wenye ardhi, huku wakizalisha linksi katika vituo na kuwaachilia. Kufikia 2023 walihesabiwa zaidi ya 2,000. Ninyi mtego wa waya mnauandika kama kosa dogo la mwananchi mwenye njaa, kisha mnashangaa chui anapotoka msituni kufuata mbuzi. Alifukuzwa na njaa mliyoiruhusu, na siku anapokamata mbuzi ndipo anapoingia kwenye jedwali lenu la wasumbufu.

2. Mnamwua mla nyama mkiamini mnawaokoa wala majani, na kwa hiyo msitu.

Hapa ndipo penye uzito wote wa barua hii, nanyi niwieni radhi kwa urefu wake.

Nchini Venezuela, bwawa la umeme la Guri lilipojaa katika miaka ya 1980, vilele vya vilima vilibaki kama visiwa vyenye msitu katikati ya maji. Visiwa vidogo havikuweza kumlisha jaguar wala puma, paka wakubwa wa huko, wala tai mkubwa wa msituni. Hata siafu na armadilo, ambao hula mchwa na sisimizi, walitoweka humo. Profesa John Terborgh na wenzake walikwenda kuona kinachobaki mla nyama anapoondoka. Walikuta kima wa kunguruma, mijusi mikubwa ya iguana, panya na sisimizi wakata majani wakiwa wamesongamana mara 10 hadi 100 kuliko katika msitu wa bara. Miti mikubwa ilikuwa imesimama bado. Chini yake miche ya miti ya dari, yaani ile mirefu inayofunika msitu kwa juu, ilikuwa haba mno. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2001.

Waheshimiwa, picha ya setilaiti ya visiwa vile ingewaonyesha kijani kitupu. Ripoti yenu ya mwaka ingesema uoto uko salama. Ule ulikuwa msitu kama kijiji cha wazee kisicho na mtoto hata mmoja: ukikitazama siku ya leo kimejaa watu. Mnapopima msitu kwa eneo la dari peke yake, mnapima kazi iliyofanywa na wala nyama wa miaka mia iliyopita, wakati miti hiyo ilipokuwa miche. Miti ya miaka mia ijayo inategemea waliopo sasa.

Na msidhani kwamba mla majani ndiye pekee anayefurika. Nchini Ghana, kumbukumbu za askari wa wanyamapori kuanzia 1968 hadi 2004 zinaonyesha simba na chui wakitoweka katika hifadhi moja baada ya nyingine, na kila walipotoweka, nyani waliongezeka na kupanua eneo lao. Nyani anakula matunda, lakini anakula pia mayai, makinda na watoto wa paa. Anaingia mashambani. Familia zilizopakana na hifadhi zililazimika kuwaweka watoto wakilinda mazao badala ya kwenda shule. Aliyemwua chui huko hakujua kwamba alikuwa anawafungulia njia nyani, na mawindo madogo aliyodhani ameyaokoa yaliangukia mikono mingine.

Huko Hispania nako, watafiti waliona kwamba palipokuwa na linksi, sungura walikuwa wengi kuliko pasipokuwa naye. Linksi huwafukuza au kuwaua nguchiro, na nguchiro kwa wingi wao walikuwa wanakula sungura kuliko yeye. Yaani mla sungura mkuu ndiye aliyekuwa mlinzi wa sungura. Jambo kama hili halionekani kwa kukaa na jedwali lenye safu ya wema na safu ya wabaya.

Lipo pia suala la nani anakufa. Katika kisiwa cha Isle Royale, ndani ya ziwa Superior huko Marekani, mbwa mwitu wa nchi za baridi (si yule wa Afrika) na musi, ambaye ni mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, wamefuatiliwa mfululizo tangu 1958. Mifupa iliyokusanywa huko inaonyesha kwamba mbwa mwitu huua hasa ndama na wazee, wengi wa wazee hao wakiwa na viungo vilivyolika kwa baridi yabisi. Musi dume au jike aliye katika nguvu zake humshinda. Mla nyama hachukui sawasawa na bunduki, kwa sababu bunduki hutafuta pembe kubwa. Kwa hiyo mnaposema wawindaji wenye vibali watachukua nafasi ya chui, mnabadilisha idadi tu. Kazi yenyewe haifanyiki.

3. Hamtambui kwamba uwepo wake tu unafanya kazi.

Mwindwa haishi kwa kusubiri kuliwa. Anachagua pa kulisha, saa ya kulisha, muda wa kuinamisha kichwa. Bonde lenye harufu ya chui halilishwi kama bonde lisilo nayo, na humo miche hupata nafasi. Watafiti nchini Kanada waliwahi kuzungushia viota vya ndege wadogo nyavu na waya wa umeme ili visifikiwe na adui yeyote, kisha wakawapigia ndege hao sauti za maadui kupitia vipaza sauti. Hakuna aliyeshikwa. Hata hivyo makinda waliofaulu kutoka viotani walipungua kwa asilimia 40, kwa sababu wazazi walitumia muda mwingi kuangaza macho na mdogo kulisha. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2011. Kwa hiyo mnapouliza, katika vikao vyenu, chui mmoja aliyebaki anakula paa wangapi na hiyo ina faida gani, swali ni dogo kuliko jambo lenyewe.

4. Mnaondoa mizoga.

Kwa jina la usafi, au kwa kuwapendeza wageni, mizoga huburutwa na kuchomwa. Mabaki ya mla nyama ni chakula cha jamii nzima. Katika eneo la hifadhi ya Yellowstone, Marekani, mizoga 18 iliyoachwa na puma ilichunguzwa, ikakutwa na aina 215 za mbawakawa. Mbawakawa peke yao. Sijataja ndege, nzi, kicheche, wala udongo unaopokea naitrojeni mahali pale na kuirudisha kwenye mizizi. Iacheni mizoga ilipo, isipokuwa pale penye ugonjwa uliothibitishwa na daktari wa mifugo.

5. Wala nyama wadogo hawapo kabisa katika mipango yenu.

Mkisema mla nyama mnamaanisha mwenye meno marefu. Lakini kazi kubwa ya kila siku ya msitu inafanywa na popo, bundi, buibui, vyura, nyoka, siafu, vunjajungu na ndege walao wadudu. Kule Panama, kwenye kisiwa cha Barro Colorado, watafiti waliifunika mimea kwa nyavu, mingine usiku tu ili popo wasiifikie, mingine mchana tu ili ndege wasiifikie. Pande zote wadudu waliongezeka na majani yakaliwa zaidi, na pale walipozuiwa popo madhara yalikuwa makubwa kuliko pale walipozuiwa ndege. Hiyo ilikuwa 2008. Ninyi mnaruhusu dawa za wadudu kupulizwa katika mashamba ya miti yanayopakana na msitu wa asili, mnaruhusu sumu ya panya kuzunguka majengo ya hifadhi, na mapango ya popo mnayaziba kwa hofu. Sumu ya panya haiishii kwa panya. Panya aliyelishwa sumu huyumba, huwa mwepesi kukamatwa, na bundi aliyemla huibeba. Bundi huzaa makinda wachache na panya huzaa kila mara. Mkishawaua wote wawili, anayerudi kwanza ni panya.

6. Mnakatakata msitu na kuwaacha wala nyama kwenye vipande.

Paa anaweza kuishi vizazi vingi katika kipande cha msitu. Chui hawezi, kwa sababu ya hesabu niliyoieleza katika hoja ya kwanza: anahitaji eneo kubwa ili kupata mawindo ya kumtosha, na bado anahitaji mwenzake asiye wa damu yake. Kile kisiwa cha Isle Royale ni somo chungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mbwa mwitu wake walishuka kutoka 50 hivi hadi 14 kwa sababu ya kirusi kilicholetwa na mbwa wa kufugwa. Musi wakaongezeka mpaka karibu 2,400 mwaka 1995, wakala misonobari michanga kwa wingi, na majira ya baridi ya 1996 yalipokuwa makali wakafa kwa njaa na kupe hadi wakabaki kama 500. Mbwa mwitu hawakupona vizuri. Barafu ya kuunganisha kisiwa na bara ilizidi kuwa adimu, damu mpya haikuingia, na kufikia 2016 walibaki wawili: baba na binti yake, ambao pia walikuwa wamezaliwa na mama mmoja. Musi wakapanda tena hadi takriban 2,000. Ikabidi serikali ilete mbwa mwitu 19 kutoka nje kati ya 2018 na 2019.

Someni tena mfululizo huo. Mbwa mmoja asiyechanjwa, na miaka kumi na tano baadaye njaa ya musi na miche iliyoliwa hadi shinani. Halafu angalieni mbwa wanaozurura katika misitu yenu, na barabara mnazopitisha katikati ya shoroba, yaani mapito ya wanyama, bila hata njia moja ya wanyama kupita chini yake.

Najua majibu yenu, kwa sababu machache niliyoyapata kwa mdomo yalikuwa haya.

Mtasema maisha na mali za watu kwanza. Nakubaliana nanyi bila sharti. Mnyama aliyezoea kuua watu aondolewe, na aondolewe haraka. Aliyepoteza mtoto au ng'ombe wake asiambiwe habari za ikolojia, apewe msaada. Lakini mazoea ya kumwua chui yeyote aliyeonekana karibu na kijiji hayawalindi watu hao. Chui dume mwenye eneo lake huwazuia madume wengine. Akiuawa, madume vijana wasio na makao huingia kugombania nafasi, huua watoto wa majike ili majike wapate mimba yao, na katika fujo hiyo wanaosogea kwenye mazizi ni haohao vijana wasiojua njia. Zizi lenye ukuta na paa usiku, mchungaji aliye macho na fidia inayolipwa kwa wakati huokoa mbuzi wengi zaidi. Na msisahau upande wa pili: mjini Mumbai, chui wa hifadhi ya Sanjay Gandhi hula mbwa wengi wa mitaani, na utafiti wa 2018 ulikadiria kwamba kwa kufanya hivyo wanawapunguzia watu kung'atwa na kuambukizwa kichaa cha mbwa. Hiyo nayo ni faida kwa maisha ya watu, ila haimo kwenye daftari la mtu yeyote.

Mtasema mawindo hujidhibiti yenyewe kwa njaa, kwa hiyo mla nyama si wa lazima. Hili lilipimwa. Katika msitu wa baridi wa Kluane, Yukon, nchini Kanada, watafiti walitenga vipande vya kilomita moja ya mraba kuanzia mwaka 1986 kwa miaka minane. Katika baadhi ya vipande walizuia linksi na wala nyama wengine wa nchi kavu wasiingie. Katika vingine waliongeza chakula cha sungura. Katika vingine walifanya yote mawili. Bila wala nyama sungura waliongezeka mara mbili. Kwa chakula cha ziada, mara tatu. Kwa yote mawili pamoja, mara kumi na moja. Tazameni: mbili na tatu hazikutoa tano wala sita. Njaa na adui hufanya kazi pamoja, kila kimoja kikiukuza uzito wa mwenzake, kwa sababu sungura mwenye njaa hutoka mafichoni na sungura mwenye hofu hushindwa kula. Anayesema njaa inatosha anataka kuendesha nusu ya mtambo. Tena njaa haijui kuacha miche: mla majani hufa baada ya kumaliza chipukizi la mwisho. Katika misitu hiyohiyo ya kaskazini, madaftari ya Kampuni ya Hudson's Bay, iliyonunua ngozi za wanyama, yanaonyesha sungura na linksi wakipanda na kushuka kwa mzunguko wa miaka kama kumi, linksi akifuata nyuma ya sungura. Sungura wakipungua, linksi hupungua. Linksi wakipungua, sungura hupumua. Hakuna anayemtawala mwenzake.

Mtasema hakuna fedha. Kupiga marufuku sumu hakugharimu. Kuacha mzoga ulipo hakugharimu. Kuweka idara mbili katika kikao kimoja kabla ya kutoa kibali cha kuwinda hakugharimu. Kamera za kutega zinazotumika kuhesabu chui hupiga picha za paa na nguruwe usiku huohuo. Picha hizo mnazo tayari, zimelala bila kuchambuliwa.

La mwisho ndilo linalonitia hofu zaidi: kwamba tukikosea, wala nyama watarudishwa baadaye. Yellowstone hutajwa kila mara. Mbwa mwitu wa mwisho waliuawa huko 1926, na 31 wakaletwa kutoka Kanada mwaka 1995 na 1996. Wapiti, ambao ni kulungu wakubwa, walipungua, na sehemu nyingine miti ya mierebi na mipopla ikainuka. Lakini si kila mahali. Katika miaka sabini ya kukosekana kwao, mierebi iliyoliwa kupita kiasi iliwanyima chakula bibari, wanyama wanaojenga mabwawa kwa miti, mabwawa ya bibari yakaondoka, vijito vikachimba chini, maji ya ardhini yakashuka mbali na mizizi. Kumrudisha mla nyama hakukurudisha maji. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu ukubwa wa mabadiliko hayo, na ubishi huo wenyewe unapaswa kuwazuia kuahidi marekebisho ya baadaye. Na kuna wasiorudi kabisa. Chui wa Unguja, aliyekuwa mla nyama mkubwa kuliko wote kisiwani, aliandamwa katika kampeni iliyofuata Mapinduzi ya 1964 kwa kuhusishwa na uchawi. Hadi leo hakuna uthibitisho usio na shaka kwamba bado yupo.

Kwa hayo yote, ninaomba yafuatayo, na ninaomba yatamkwe katika mpango kwa maneno ya wazi:

Kwanza, kila mpango wa usimamizi uwe na sura moja ya mtandao wa chakula, inayotaja wala nyama wakuu na wadogo, mawindo yao, idadi ya pande zote mbili na hali ya miche. Miche ipimwe kila mwaka katika vipande maalumu, vingine vikiwa vimezungushiwa uzio, ili ijulikane wala majani wanaondoa kiasi gani.

Pili, kibali chochote cha kuwinda wanyama wa mawindo kisitolewe mpaka ijulikane wala nyama wa msitu huo wanahitaji kiasi gani. Fungu lao litangulie.

Tatu, uondoaji wa mitego ya waya uhesabiwe kuwa kazi ya kulinda wala nyama, upewe askari na muda wake, na wanavijiji wanaoitegemea nyama hiyo wapewe njia nyingine ya kupata kitoweo kabla ya kukamatwa.

Nne, chui, fisi au mla nyama mwingine asiuawe kwa sababu ya kuonekana tu. Uamuzi uandikwe, utiwe saini na mtu mwenye jina, na usomwe hadharani ndani ya siku 30.

Tano, sumu za panya na dawa za wadudu zikome ndani ya msitu na ukingoni mwake, na mbwa wote wa vijiji vinavyopakana wachanjwe kwa gharama ya hifadhi.

Sita, barabara, uzio au shamba lolote jipya litakalokata ushoroba lisipitishwe bila njia ya wanyama iliyojengwa kabla, na isiwe ahadi ya kuijenga baadaye.

La pili na la nne yanaweza kuanza hata kabla ya mpango mpya kuandikwa, kwa waraka wa ukurasa mmoja. Niko tayari kuleta kumbukumbu zangu za miche na vinyesi, zote, bila malipo, na kukaa na wataalamu wenu kwa siku watakazopanga. Ninaomba jibu la maandishi linalogusa kila hoja kwa namba yake, pamoja na zile mtakazozikataa na sababu za kuzikataa.

Kwa heshima,

Mfuatiliaji wa wanyama wa msituni